Kuku wa kijivu: jinsi ya kujua kama ni bluu au lavenda

Wengi wanaokuja kwangu Tengeru kuchukua mbegu ya Orpington, kuku wakubwa wenye manyoya mengi, huuliza swali lile lile: "Huyu ni bluu kweli?" Wana haki ya kuuliza. Kuku wa kijivu wako wa aina mbili, bluu na lavenda, na kila aina hurithisha rangi kwa njia yake. Ukiwapandisha bila kujua, utatotolesha weusi watupu na hutaelewa rangi imekwenda wapi.

Anza kwa kuwatazama juani, si ndani ya banda. Jogoo wa bluu ana manyoya ya shingo na ya kiunoni yaliyokolea hadi kukaribia weusi, ilhali kifua chake ni kijivu kilichopoa. Kwa tetea, chukua unyoya mmoja wa kifuani uuweke juu ya karatasi nyeupe. Kama ni bluu mzuri, ukingo wake utakuwa umezungukwa na mstari mweusi, kama pindo la kanga. Lavenda hana pindo. Kijivu chake ni chepesi na ni kile kile kuanzia utosini hadi mkiani, awe jogoo awe tetea, na mara nyingi manyoya ya mkia huchanika na kukonda mapema. Wenye Silkie, wale kuku wadogo wa manyoya laini kama hariri, mtapata shida hapa, kwa sababu manyoya yao hayajashikana na pindo halionekani. Nyinyi nendeni moja kwa moja kwenye jaribio la kupandisha nililolieleza hapa chini.

Jeni ya bluu, yaani kile kinachorithishwa na mzazi na kuamua rangi hiyo, hufifisha weusi. Kuku akiipata kwa mzazi mmoja huwa bluu. Akiipata kwa wote wawili huwa splashi, yaani mweupe mwenye madoa ya kijivu. Ndiyo maana bluu kwa bluu haitulii: kwa wastani robo ya vifaranga ni weusi, nusu ni bluu, robo ni splashi. Wanasayansi wa urithi William Bateson na Reginald Punnett walilieleza jambo hili kwa kuku wa Andalusia mwanzoni mwa karne ya 20, na bado nakutana na watu wanaochinja splashi wakidhani wameharibika. Jamani, msiwachinje! Splashi kwa mweusi hukupa vifaranga bluu wote.

Jeni ya lavenda hujificha. Lazima itoke kwa baba na mama ndipo ionekane. Ikitoka kwa mmoja, kuku anabaki mweusi tii huku ameibeba.

Sasa mpandishe huyo wa kijivu unayemshuku na kuku mweusi. Kama wa kijivu ni tetea, mtenge kwanza na majogoo wengine kwa mwezi mzima, kwani mbegu ya jogoo hukaa ndani ya tetea kwa wiki 2 hadi 3. Vifaranga wakitoka nusu bluu nusu weusi, mzazi ni bluu. Wakitoka weusi wote, ni lavenda. Kifaranga mweusi huanguliwa akiwa na tumbo jeupe au la manjano, kwa hiyo usihesabu tumbo, angalia mgongo.

Jihadhari na mweusi mwenyewe. Akiwa amebeba lavenda, lavenda wako atazaa naye nusu wa kijivu na nusu weusi, na utaapa kwamba umepata bluu. Mimi humpima mweusi kwanza kwa kumpandisha na lavenda ninayemjua ukoo wake. Kila kifaranga ana nafasi ya nusu kwa nusu kuifichua siri hiyo, hivyo wakifuatana 7 wote weusi, uwezekano wa aliyeibeba kutoa matokeo hayo ni chini ya 1 kwa 100. Hapo namwamini.

Kuhusu weupe, kifupi. Weupe wa Leghorn, kuku wa mayai, hutawala: mpandishe na mweusi, watoto watakuwa weupe wenye vidoa vyeusi. Weupe wa Silkie kwa kawaida hujificha kama lavenda, na chini ya weupe huo panaweza kuwa na rangi yoyote. Usimtumie kuku mweupe kupima bluu.

Wavishe vifaranga pete za miguuni siku ile ile wanapotoka kwenye mashine ya kutotolea, na uandike baba, mama na rangi ya mgongo kabla manyoya ya malaika hayajapukutika. Ukimuuza mweusi aliyetokana na lavenda, mwambie mnunuzi waziwazi kwamba ameibeba.