Anza na mjusi wa Tendaguru

Nimefundisha baiolojia hapa Lindi mjini miaka kumi na tisa, na muda mwingi nilichukulia historia ya sayansi kuwa kazi ya kukariri: nani kagundua nini, mwaka gani. Siku moja, nikitaja mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kilima cha hapa mkoani kwetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu akauliza, "Mwalimu, yule Mjerumani alijuaje pa kuchimba?" Nikabaki na chaki mkononi. Tangu hapo historia ya sayansi naianza hivi.

Chagua kitu kimoja cha karibu. Kwetu hakuna cha kumshinda mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria, ambaye mifupa yake ilisimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na kimo chake leo ni zaidi ya mita 13. Ukianza na Newton utachoka kabla hujafika Mingoyo, hapo jirani tu.

Fungua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ya wataalamu: mhandisi wa madini Bernhard Sattler, aliyeiona mifupa 1906; Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku, aliyefika 1907; na Janensch na Hennig, wataalamu wa visukuku waliotumwa na makumbusho ya Berlin, waliochimba kuanzia 1909, kazi yao ikafungwa 1913. Kulia andika yaliyowakuta watu wa kusini miaka hiyohiyo: Majimaji ya 1905 hadi 1907, njaa iliyofuata, kodi ya Mjerumani. Kisha soma pande zote mbili kwa pamoja, na ujiulize vibarua walipatikanaje kwa mamia.

Halafu piga hesabu. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa na watu hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kama nne. Ukikadiria kilo 30 kwa mtu, inatoka mizigo zaidi ya 6,600. Wanangu darasani waliona ni namba tu. Nikawatwisha ndoo ya maji ya lita 20, kwa zamu, kuzunguka uwanja wa mpira. Mzunguko wa tatu hakuna aliyecheka, na ndoo ile ni nyepesi kuliko mzigo wenyewe.

Usiyapite majina ya kisayansi, yachambue. Mjusi mkubwa aliitwa *brancai* kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho ya Berlin. Mwingine akapewa jina la jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye kazi yake ilikuwa vita. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alisubiri hadi 2007 ndipo jina lake likatokea kwa dinosaria mwingine wa Tendaguru, *Australodocus bohetii*. Mimi hapo huwa nasimama kipindi kizima.

Mwisho nenda kwa wazee, na hapa nilikosea vibaya. Nilimwendea babu mmoja nikamuuliza kuhusu dinosaria. Akatikisa kichwa, akaendelea kubangua korosho zake. Wiki ya pili nikarudi, nikatoa shikamoo, nikakaa mkekani, nikauliza habari za mifupa ya Mjerumani. Akaongea mpaka adhana ya alasiri. Kwa hiyo tumia maneno yao, andika kama yalivyosemwa bila kusahihisha, weka tarehe, na uandike alisikia kwa nani: kwa baba yake, au kwenye redio juzi. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Nilipoaga, babu akaniuliza, "Na wewe mwalimu, ulishamwona huyo mjusi?"

Sijamwona. Nikaandika na hilo.