NAS imedondosha diski mbili? Toa mkono kwanza, tuongee

Jumapili moja asubuhi nikapigiwa simu na dada mmoja mwenye studio ya picha za harusi pale Sinza, anaongea kama anataka kulia, "kaka ile NAS haifunguki, inalia tu piii piii, na kuna harusi tatu humo wenyewe hata hawajakabidhiwa." NAS ni lile boksi la diski kadhaa ofisi nzima inawekea mafaili kupitia mtandao. Sikumuuliza imeharibikaje, nilimuuliza mmeshaifanya nini mpaka sasa. Maana nilivyoona mimi, diski zikifa zenyewe mara nyingi kitu kinatoka, kinachomaliza data kabisa ni mikono ya watu kwenye yale masaa mawili ya mwanzo, mtu anachomoa diski anazirudisha kwa mpangilio mwingine, anabonyeza ripea, boksi likimuuliza aanzishe diski upya kama mpya anabonyeza ndiyo, anazima anawasha mara kumi akitegemea itaamka. Huyu dada bahati yake aliogopa hata kuigusa.

Kwa iyo na wewe kama ndo upo kwenye hali hiyo sa hivi, zima boksi taratibu kwa kitufe chake, chomoa umeme, kunywa maji, endelea kusoma.

Boksi lake lilikuwa la diski nne, kila moja TB 4, limefungwa RAID 5. Kwa asiyejua, RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na hapo nafasi unayopata ni TB 12 sio 16, ile ya diski moja inaliwa na pariti, hesabu ya kufidia ambayo inatawanywa kwenye diski zote. Diski moja ikifa zilizobaki tatu zinakokotoa kilichokuwemo na kazi inaendelea kama hamna kitu. Ikifa ya pili ndo basi, volyumu (ile diski moja kubwa boksi linayokuonyesha) inapotea. RAID 6 inavumilia mbili, RAID 1 ni mapacha tu, ukibaki na moja nzima unaisoma peke yake, na RAID 0 haina akiba yoyote, ikifa moja umeumia.

Sasa sikiliza, diski mbili kufa siku moja ni nadra sana. Kinachotokea ni kwamba moja ilishakufa zamani na hakuna aliyeshughulika. Pale studio moja ilidondoka Machi, boksi likapiga kelele, kijana wa mapokezi akaingia kwenye setingi akazima mlio maana unasumbua wateja, basi wakafanya kazi miezi na miezi juu ya diski tatu bila akiba, mpaka Jumamosi usiku umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo na ya pili nayo ikatoka. Na hii ndo sababu nakwambia usibonyeze ripea: kujenga upya RAID kunalazimisha kusoma kila kona ya diski zote zilizobaki, masaa na masaa, na hizo nazo zimechoka, zimenunuliwa siku moja na zimefanya kazi ileile. Yenye sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) mbovu zilizolala itaamkia hapohapo.

Haya, kazi. Kabla ya kuchomoa chukua maka peni, andika juu ya kila diski namba ya tundu lake, 1 2 3 4 kuanzia upande boksi linapoanzia kuhesabu, af piga picha lebo zenye siriali namba. Usiseme utakumbuka.

Zichomeke kwenye kompyuta ya kawaida kwa kebo za SATA, USB iwe ya dharura tu maana adapta nyingi za bei rahisi diski ikileta ubishi zinakata. Washa Ubuntu ya kwenye flashi (Windows hapana, ikiona diski haiielewi inakuomba ruhusa ya kuianzisha upya, na kuna watu wanakubali), af weka vitu hivi:

sudo apt install gddrescue mdadm lvm2 smartmontools

Maboksi mengi ya NAS ya nyumbani na maofisini, Synology na QNAP zikiwemo, ndani yake ni Linux na RAID yao inaendeshwa na mdadm ileile unayopewa bure, ndo maana kompyuta yoyote inaweza kuzisoma. Ila Linux ikiona vipande vya RAID hujaribu kuviunganisha yenyewe, ukiona /dev/md127 imejitokeza bila kuitwa isimamishe kwanza, mdadm --stop /dev/md127.

Sikiliza diski kwa sikio kabla ya chochote. Inayogonga tak tak tak, au haizunguki, au ilidondoka chini, usiendelee nayo, kila dakika unayoiwasha vichwa vinaweza kuwa vinakwangua sahani ndani. Hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake sio ya kitoto, kwa iyo uamuzi ni wa mwenye data. Na tafadhali msiweke diski kwenye friza, ule ushauri umezunguka miaka, ukiitoa na joto letu la Dar unyevu unageuka matone juu ya sahani. Kubadilisha bodi ya chini na ya diski nyingine nayo kwa diski za sa hivi haifanyi kazi hivihivi, kuna chipu kwenye bodi ina vipimo vya diski husika tu.

Zisizogonga ziangalie afya kwa smartctl -a /dev/sdb, namba za kutazama ni ya 5, ya 197 na ya 198. Ya 5 inakuhesabia sekta zilizokwishahamishwa, 197 zinazosubiri hukumu, 198 zilizoshindikana kabisa. Zikiwa sifuri zote poa. Ya tundu la 2 pale studio ilikuwa na 197 ya mia tatu na kitu, nikajua huyu ndo mgonjwa wa Jumamosi.

Hapa ndo wengi wanaona uvivu: unakopi kila diski nzimanzima kwanza, na kazi yote inafanyika kwenye kopi, diski halisi zinarudi kabatini. Inauma mfukoni, najua. Sisi tulinunua diski moja ya TB 16 Kariakoo ya kuwekea kopi tatu (ya tundu la 3 hatukuikopi, sababu utaiona mbele), na ya TB 8 ya kupokelea mafaili, maana walikuwa wametumia kama TB 7. Ile ya kopi iwe ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, ukiiweka FAT32 faili likifika GB 4 linagoma.

ddrescue -d -n /dev/sdc /mnt/kopi/d2.img /mnt/kopi/d2.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdc /mnt/kopi/d2.img /mnt/kopi/d2.map

Mstari wa kwanza unachota panaposomeka kirahisi na kuruka pabovu, wa pili unarudi kuhangaika na pabovu mara tatu. Angalia mara mbili ipi ni chanzo ipi ni kopi, lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL inakuonyesha siriali ulinganishe na picha zako, kwa sababu ukigeuza hapa hakuna wa kukusaidia. Ile faili ya .map ndo roho ya kazi, inakumbuka ulipofika, umeme ukikatika katikati (na kwetu utakatika) ukirudia komandi ileile inaendelea pale ilipoishia. Diski nzima ya TB 4 inachukua masaa nane mpaka kumi hivi, mbovu inaweza kula siku mbili tatu, iache na feni inaipuliza na usiisimamie kichwani. Ile namba 2 ilimaliza ikiwa imebakisha kilobaiti 212 tu zisizosomeka, kati ya terabaiti nne.

Sasa tumefika panaponipendeza mimi. Kila diski ya RAID imebeba kidaftari chake kidogo kinachosema mara ya mwisho ilikuwa na wenzake lini. Fungua kopi kama diski, losetup -r -f -P --show d1.img, itakupa kitu kama /dev/loop1 na patisheni zake. Data kwenye haya maboksi kwa kawaida ipo patisheni ya 3, zile mbili za mwanzo ni za mfumo na swop (Synology za zamani zenye SHR, RAID yao wenyewe, unaikuta ya 5). Halafu mdadm --examine /dev/loop1p3, fanya hivyo kwa zote. Diski ya tundu la 3 hatukuikopi, niliichungulia tu yenyewe kwa --examine ambayo haiandiki kitu. Ya pale studio ilikuwa hivi:

tundu 1: Events 18452, Array State A..A
tundu 2: Events 18447, Array State AA.A
tundu 3: Events 9031, Array State AAAA
tundu 4: Events 18452, Array State A..A

Soma taratibu. Events ni hesabu ya matukio ambayo diski imeyaandika, A maana yake yupo, nukta maana yake hayupo. Ya 1 na ya 4 zimebaki mpaka mwisho, zinajua wenzao wawili hawapo. Ya 2 ilitoka ikijua wa tatu alishaondoka. Ya 3 yenyewe inaamini wote wanne wapo wazima, kama mtu aliyehama mtaa zamani af anarudi anamsalimia mzee aliyeshazikwa. Huyo wa tatu asiguswe, anayo picha ya Machi, ukimchanganya na wenzake utapata mafaili yenye majina mazuri na ndani uji mtupu. Wa 2 kapishana na wenzake matukio matano tu, hiyo ni sekunde chache za mwisho. Timu yetu ni 1, 2 na 4.

Kuziunganisha kwa nguvu kunahitaji kuandika kwenye vile vidaftari, na kopi zetu hatutaki ziandikwe, basi juu ya kila kopi unatandika tabaka la muda, maandishi yote yanaenda huko, ukikosea unalifuta unaanza upya. Kwa diski ya 2:

truncate -s 20G d2.ovl
losetup -f --show d2.ovl
dmsetup create d2 --table "0 $(blockdev --getsz /dev/loop2p3) snapshot /dev/loop2p3 /dev/loop12 P 8"

(loop12 ni ile uliyopewa na mstari wa juu yake, yako inaweza kuwa namba nyingine.) Rudia kwa d1 na d4, kisha:

mdadm --assemble --force --run /dev/md50 /dev/mapper/d1 /dev/mapper/d2 /dev/mapper/d4

Ni assemble, sio create! Create inaandika vidaftari vipya, na ukikosea mpangilio wa diski au saizi ya chanki, kile kipande cha data kinachoandikwa kwenye diski moja kabla ya kuhamia nyingine (64K na 512K ndo utakutana nazo sana) data inakuwa imechanganywa kama karata. Kuna siku create inahitajika kweli, mfano mtu alishaanzisha RAID mpya juu ya ya zamani, hata hapo ifanye juu ya tabaka la muda tu na --assume-clean, ukijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka volyumu ifunguke.

cat /proc/mdstat ikikuonyesha md50 ipo hai na U tatu, usishangilie bado. Mara nyingi juu yake kuna LVM, tabaka la Linux la kugawa nafasi, vgchange -ay itaiamsha, lvs itakupa jina. Fungua kwa kusoma tu:

mount -o ro,noload /dev/vg1000/lv /mnt/toa

noload ni ya ext4, inaizuia isicheze na jono, daftari lake la mabadiliko. Kwa btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, ikigoma kufunguka kuna btrfs restore inachota mafaili bila kuifungua kabisa, nimeshaitumia mara mbili na ikanitoa aibu. QNAP nyingi za karibuni LVM yao wameigeuza kidogo, Ubuntu ya kawaida haiielewi, hapo tafuta programu za kulipia kama UFS Explorer au R-Studio, unaielekeza kwenye zile kopi zako na inakuonyesha mafaili kabla hujalipa. Volyumu ikiwa imefungwa kwa enkripsheni na ufunguo hamna, hapo hata fundi wa mbinguni hakusaidii. PhotoRec, programu ya kusaka mafaili moja kwa moja kwenye diski, iwe ya mwisho kabisa, inaokota picha ila majina na mafolda yote yanapotea, na kwenye studio yenye picha laki mbili ukimpelekea mtu rundo lisilo na majina atakuchukia.

Ikifunguka chota kwa rsync -a kwenda diski mpya na anza na kinachomuuma mwenyewe, hakuna haja ya kuchota muvi za ofisi kwanza. Af kagua kwa kufungua. Kuona jina na saizi haitoshi, fungua picha kubwakubwa na video mpaka mwisho, hasa zilizoandikwa wiki ile ya mwisho.

Tulianza Jumapili, Alhamisi jioni dada kaja na mama yake kabisa kuangalia. Harusi zote tatu zilikuwepo. Zile kilobaiti 212 ziliangukia picha mbili zenye mstari wa kijivu chini, na video moja ya kichen pati inakwama kama sekunde mbili pale emsii anapopokea maiki. Nikamwonyesha, nikamwambia hapa sina la kufanya. Akairudia mara ya pili akacheka, "hapo kaka hata bora, alikuwa anaongea sana."