Namna ya Kuzisoma Kuta za Kanisa la Inglesham

Ukifika kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, katika kijiji cha Inglesham karibu na Swindon, Uingereza, usikimbilie madhabahuni. Anza na kuta. Mimi ni fundi wa plasta, na sijaona kwingine kuta zinazoonyesha kazi za vizazi vingi wazi namna hii.

Kutoka Swindon shika barabara ya A361 kuelekea Lechlade, kisha kabla ya kuingia mjini kata kushoto. Vaa viatu vya kukanyaga matope, maana Mto Thames uko jirani. Kijiji kimebaki nyumba chache tu, na kanisa lenyewe, ambalo sehemu kubwa yake ni ya karne ya 13, liliacha kutumika kwa ibada za kila wiki. Sasa linatunzwa na Churches Conservation Trust, shirika la hisani linalohifadhi makanisa ya kale yasiyotumika tena kila wiki.

Beba tochi hata kama jua linawaka. Usiumulike ukuta kutoka mbele. Simama ubavuni, uiweke tochi karibu sambamba na ukuta. Hapo utaona kingo za kila tabaka. Chini kabisa kuna michoro ya zamani ya rangi nyekundu. Juu yake ni chokaa, kisha maneno ya Biblia, kwa kuwa baada ya Matengenezo ya karne ya 16, Waprotestanti walipojitenga na Kanisa Katoliki, picha zilizibwa na maandishi yakachukua nafasi. Vizazi vilivyofuata navyo vikapaka juu ya hayo, hadi karne ya 19. Usiguse kitu, tafadhali. Chokaa kuukuu ikishaachana na jiwe, kidole kimoja kinatosha kuibandua.

Halafu tafuta upande wa kusini jiwe la Bikira Maria na Mtoto Yesu lililochongwa enzi za Wasaksoni, waliotawala Uingereza kabla ya mwaka 1066, mkono wa Mungu ukiwa juu yao. Mikwaruzo utakayoiona ni ya saa ya jua, inayosomwa kwa kivuli: zamani jiwe hilo lilikuwa kwenye ukuta wa nje.

Mwishowe keti ndani ya mabenchi marefu yenye milango, ya karne ya 17 na 18. Makanisa mengi ya Uingereza yaling'olewa mabenchi kama hayo na kukwanguliwa plasta wakati wa ukarabati wa karne ya 19. Hapa aliyezuia hayo ni William Morris, mbunifu na mshairi Mwingereza wa karne hiyo, aliyekuwa na nyumba katika kijiji cha Kelmscott, si mbali. Alitaka kanisa lizibwe nyufa na kutengenezwa, lisigeuzwe jipya. Kwangu huo ndio ufundi hasa, na ni mgumu kuliko kubomoa.

Ukitoka, funga mlango barabara. Ndege wakiingia, kinyesi chao hula rangi.