Jinsi ya kuipanga wiki yako ukiwa dereva wa semi, Dar–Mbeya na kurudi

Dereva mpya akikabidhiwa semi ya kwanza, lile lori la kichwa na trela, anauliza Dar mpaka Mbeya ni masaa mangapi. Barabara yenyewe ni kama kilomita 830 tu, hata ukiwa na mzigo mzito siku mbili unafika bila kukimbizana na mtu, sasa wiki nzima huwa inaishia wapi? Inaliwa ukiwa umesimama. Foleni ya kupakia, mizani, pancha, kushusha, kumsubiri dalali. Kwa hiyo panga kusimama kwako kwanza, kuendesha kutajipanga kwenyewe.

Jumatatu ni siku ya yadi na kupakia. Kabla hujaenda kiwandani zunguka gari ukiwa na kipande cha nondo mkononi, gonga kila tairi, lenye upepo linajibu nondo inaruka, lililopungua linatoa sauti ya kufa, hasa yale ya ndani ambayo kwa macho huwezi kuyajua maana mwenzake wa nje ndo anabeba. Halafu ingia chini uvute zile pete za matenki ya upepo wa breki umwage maji, yakitoka maji na oili nyingi mwambie fundi sasa hivi, usisubiri uwe Iringa. Stepni mbili, jeki inayobeba gari likiwa na mzigo (sio ile ya kupiga nayo picha), spana ya nati na bomba lake, triangle, kabari za mbao, maji ya kutosha. Hakikisha utingo anajua kila kitu kilipo, usiku wa manane sio muda wa kuulizana.

Kwenye kupakia ndo watu wengi wanazembea, wanaachia vibarua wapange wanavyotaka wao wanaenda kulala. Usiende kulala. Semi ya kawaida yenye ekseli 6 (vile vyuma vya kukatiza vinavyobeba tairi) inaruhusiwa tani 50 jumla, gari pamoja na mzigo: 8 mbele kwenye usukani, 18 kwa zile mbili za kichwa, 24 kwa zile tatu za trela. Gari tupu likiwa na tani 20 basi mzigo wako ni tani 30, yaani mifuko 600 ya saruji au mbolea ya kilo 50, umemaliza. Ila jumla ikiwa sawa bado unaweza kukamatwa, maana mizani inapima na ekseli, ukirundika mbele kichwa kinazidi wakati trela nyuma bado ina nafasi, na hapo utaambiwa upange upya kwa gharama zako juani huku wenzako wanapita. Anza kupakia ukiacha nafasi mbele, na kabla ya kufunga turubai tazama springi za pande zote mbili, upande mmoja ukilala zaidi sema kabla vibarua hawajalipwa, wakishalipwa humpati mtu.

Jumanne ondoka alfajiri, saa 10 au 11, ili mji uuache kabla haujaamka. Ukishafika mbele kidogo ya Kibaha simama ukaze kamba tena, mzigo ukishatikisika unakaa chini na kamba zinalegea, hii ni dakika 10 tu lakini wengi hawafanyi. Mizani ya Vigwaza unapima, Mikese unapima tena, tiketi zote weka sehemu moja na bima na leseni, afande akisimamisha usianze kupekua chini ya godoro. Mikumi pita mchana, barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, fuata kibao cha mwendo na usitupe chakula nje maana ndo unawavuta nyani barabarani. Kugonga mnyama kuna faini na kila mnyama ana bei yake.

Lala Ruaha Mbuyuni au kabla yake, usiupande mlima Kitonga usiku. Gari lenye mzigo pale linaenda mwendo wa mtu wa miguu, kona zimebana, na mlimani ndo mahali mtu anaweza kudandia trela akakata turubai wewe hujui lolote. Pa kulala chagua penye malori mengine na mlinzi, paki tenki la mafuta upande wa taa au ubanane na gari la mwenzako, kofia ya tenki iwe na kufuli. Wanaonyonya mafuta hawahitaji muda mrefu.

Jumatano panda Kitonga asubuhi injini ikiwa imepoa, halafu Iringa, mizani ya Wenda, Mafinga, Makambako. Sina mengi hapo, ni barabara tu na baridi. Alhamisi Mbeya unashusha, hesabu mifuko wewe mwenyewe mmoja mmoja na upate sahihi na muhuri kwenye delivari, ile karatasi ya kupokelewa mzigo, mfuko ukipungua unakatwa kwenye posho yako.

Ijumaa ni mzigo wa kurudi na hii ndo siku ngumu kuliko zote. Dalali atakwambia kuna viazi, gunia 250, kila gunia kilo 100, tani 25, poa kabisa. Nenda ukayaone hayo magunia. Ukikuta yana kilemba juu, yameshonewa na kamba, hiyo ni lumbesa na gunia moja linaweza kuwa na kilo 130 na zaidi, sasa piga 250 mara 130, una tani 32 na nusu wakati karatasi inasema 25, na mizani haisomi karatasi. Kwanza lumbesa imekatazwa, pili wanaoumia ni mkulima na wewe, dalali yeye analipwa kwa gunia. Pima magunia matatu manne kwenye mzani wowote uliopo pale sokoni, toa wastani, ndo ukubali idadi. Na usiondoke bila stakabadhi ya ushuru wa mazao ya halmashauri, getini hawataki maelezo.

Jumamosi unarudi, na safari hii Kitonga unaushuka na viazi mgongoni. Gia uliyopandia ndo utakayoshukia, ichague juu kabisa kabla ya mteremko kuanza, ukichelewa ukataka kuipunguza katikati inaweza kugoma na ukabaki nyutro, yaani bila gia, na tani 50. Tumia breki ya injini, breki ya mguu ipige kwa vipindi, usiikanyage moja kwa moja. Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi kwenye kioo, tafuta pa kuegesha, weka kabari, ziache breki zipoe zenyewe, usimwagie maji ngoma zake zitapasuka. Ukiharibikiwa weka triangle na majani mbele na nyuma, na ukimaliza YATOE, pamoja na yale mawe uliyozuia nayo tairi. Jiwe lililoachwa barabarani usiku linaua bodaboda, na walioliacha ni sisi.

Jumapili ukishashusha sokoni andika kwenye karatasi kila ulichosikia njiani, breki inavuta kushoto, taa ya trela inazima, nati namba ngapi ilikuwa inalegea, iache kwenye dashibodi pamoja na kipimo cha mafuta yaliyobaki. Fundi akija Jumatatu asubuhi anaanza kazi na wewe uko kitandani.