Kurudi kwenye vyuma baada ya miezi mitatu: anza na nusu

Ukikaa wiki mbili bila kugusa vyuma, nguvu karibu yote bado ipo. Misuli imenywea kwa sababu ya kupungukiwa maji na glaikojeni (akiba ya sukari ndani ya misuli) tu. Miezi mitatu ni habari nyingine, misuli yenyewe hupungua. Inarudi upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza, lakini kano, zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, hazina haraka hiyo. Hapo ndipo watu huumia.

Tuseme ulikuwa ukichuchumaa na kilo 100, seti 3 za marudio 5 (mara 5 mfululizo, unapumzika, jumla raundi 3).

1. Pima uzito. Jimu ya mtaani yenye makopo ya zege haina namba ya kuaminika. Pandisha kila kopo kwenye mizani, hata ya muuza chuma chakavu. Makopo mawili ya "kumi" yakipishana kilo moja, upande mzito unakuvuta.

2. Wiki ya kwanza, siku tatu, ukiruka siku moja kila mara. Pasha kwa chuma kitupu cha kilo 20, marudio 8. Kisha kilo 50, seti 2 za marudio 5. Weka chini, nenda nyumbani. Utaona ni mchezo, na ndivyo inavyotakiwa: misuli huuma zaidi siku ya pili au ya tatu. Anayeongeza seti Jumatatu kwa kuwa "hajachoka" ndiye anayeshuka ngazi kinyumenyume Jumatano.

3. Wiki ya pili rudisha seti ya tatu, uongeze kilo 5 kila siku ya zoezi: 55, 60, 65. Benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali), kilo 2.5 zinatosha.

4. Ukifika 80, mwisho wa wiki ya tatu, punguza mwendo: kilo 2.5 kila mara. Utagusa 100 wiki ya sita. Huu ndio wakati wa kujizuia, maana misuli inataka na goti halijawa tayari. Maumivu yaliyotuama chini ya pia ya goti, yanayopoa ukishapata joto na kurudi kesho yake asubuhi, ni ya kano. Shusha asilimia 10, kaa hapo wiki nzima.

5. Ukishindwa kumaliza marudio, rudia uzito uleule siku inayofuata. Ukishindwa tena, shusha asilimia 10.

Mkojo ukiwa rangi ya kahawa na misuli imevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mabaki ya misuli iliyovunjika yanaweza kuziba figo.