Kuchagua risasi za 9mm za mazoezi: soma boksi kabla uulize bei

Watu wengi wenye leseni huku Nakuru na Kisumu wakifika dukani swali la kwanza ni "boksi ni ngapi?" na la pili hakuna, wanalipa wanaenda. Halafu mtu anafika renji ya Kirigiti, ule uwanja wa kulenga shabaha huko Kiambu, amesafiri hiyo njia yote, pistol yake ya Ceska inakwama kila magazini na analaumu fundi. Bunduki mara nyingi haina makosa, ni njugu ulizoipea.

Anza na kile kimeandikwa kwa mtutu wako. 9x19, 9mm Luger na 9mm Parabellum ni kitu kimoja. 9x18 Makarov si hiyo, na .380, ile pia inaitwa 9mm Kurz, si hiyo pia, hata kama muuzaji anasema "zote ni 9mm bana". Ukiona +P kwa boksi jua hiyo imejazwa presha zaidi, kiwango cha Marekani ni psi 35,000 kwa ya kawaida na 38,500 kwa +P, so kama manual ya bunduki haijasema inakubali, iache tu. Kwa mazoezi hata huihitaji.

Sasa uzito wa kichwa, ile sehemu inayoruka kutoka kwa mtutu. Utapata 115, 124 na 147, hizo ni grein, yaani kama gramu 7.5, 8 na 9.5. Ya 115 ndiyo rahisi kupata na inatoka mbio, kama mita 350 kwa sekunde, inapiga kelele kali na teke lake ni la ghafla. Ya 147 inatoka polepole, kitu 290 hadi 300, hiyo ni chini ya spidi ya sauti, na mkononi unasikia kama inakusukuma badala ya kukupiga, saiti inarudi mahali pake bila stress. Mimi ningeambia mtu anayeanza achukue 124 kwanza, pistol nyingi za huduma, kama za polisi na jeshi, zinaipenda, halafu akishazoea ajaribu 147 aone kama springi ya bunduki yake inaizungusha vizuri, juu kuna zingine zinakuwa na uvivu.

Kama unapiga mashindano ya kulenga shabaha ya IDPA au IPSC kuna hesabu ya kufanya kuona kama risasi zako zina nguvu ya kutosha kukubaliwa. Chukua uzito kwa grein, zidisha na spidi kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1000, na kwa 9mm inafaa ifike 125. Boksi ikiwa na spidi ya mita zidisha na 3.28 kwanza. Mfano 124 inayotoka mita 335 ni kama futi 1,099, jibu 136, uko sawa. Lakini hiyo spidi ya boksi ilipimwa na mtutu wa kiwandani ambao mara nyingi ni mrefu, kapistol kako kafupi ka kubeba kiunoni hakawezi fika hapo, so usichague ile inapita 125 kwa nywele.

Koti sasa, na hapa ndio watu hawaangalii kabisa. FMJ (full metal jacket) ni risasi ya ledi, ile metali nzito yenye sumu, iliyovikwa shaba, lakini nyingi ziko wazi huko nyuma, moto wa baruti unachoma ledi kutoka nyuma na wewe unavuta huo moshi. Zile zimefunikwa kote, iwe ni shaba ama ile rangi ya polima ya nyekundu, kijani au nyeusi, zinapunguza hiyo maneno, si kumaliza, juu praima nyingi, kale kakifuniko nyuma ya ganda kanawasha baruti, pia ziko na ledi ndani. Nawa mikono na maji baridi na sabuni kabla ushike chapati, na hizo nguo usirudi nazo ukabebe mtoto. Ledi tupu bila koti usiweke kwa Glock, mtutu wake wa kiwandani haukuundiwa hiyo na kampuni yenyewe inakataza. Za polima ni poa na hazikwangui mtutu, shida ni moshi na harufu ya plastiki, na ukiona rangi inabanduka ukikwaruza na kucha hizo ni kazi mbaya, rudisha.

Baruti huwezi kuiona lakini utaijua. Za pistol nyingi zinachoma haraka, na haraka ni nzuri na kichwa kizito kwa sababu unapata teke laini. Ubaya ni kwamba inaingia kidogo sana kwa ganda, kiasi kwamba ukiweka mara mbili bado nafasi iko na hutajua mpaka bunduki ikupasukie usoni. Ndio maana wale wameona video za Wamarekani wakijaza risasi kwa garage na wanataka kuiga, wachaneni nayo. Huku kutengeneza bila kibali ni kesi, na mtu akikuuzia "za kujazwa upya" kwa karatasi ya nailoni usiguse hata kama bei ni tamu. Nunua kwa dila mwenye leseni, ndani ya idadi iliyoandikwa kwa cheti chako, tunza risiti.

Usinunue nyingi mara moja. Chukua aina mbili, boksi moja moja, piga ukiwa umeegemeza mikono, angalia ni gani inakusanya matundu karibu na ni gani inatoa maganda bila kukwama, halafu sasa ndio ununue nyingi za hiyo moja. Ziweke pakavu na penye baridi kwa sefu, si kwa gari imeanikwa jua la Kisumu ukikula samaki Dunga, na hata kisheria hapo umejiweka pabaya.

Ukisikia risasi imelia "puf" badala ya "paa", simama hapo hapo. Weka mtutu kuelekea shabaha, toa magazini, fungua chemba, halafu afisa wa renji aangalie kama kichwa kimekwama ndani. Ukifyatua ingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka, na boksi lililobaki la loti hiyo rudisha dukani.