Vichekesho vya kutazamwa na nyumba nzima
Kama nyumbani kuna bibi asiyeweza kufuata maandishi ya tafsiri na watoto wasiojua Kiingereza, anzeni na filamu zisizo na sauti. Tafuteni Sherlock Jr. (1924) ya Mmarekani Buster Keaton. Haifiki saa moja, na maneno yake machache mtu mmoja atawasomea wengine. Katika Steamboat Bill, Jr. (1928), ukuta wa nyumba unamwangukia Keaton naye anapona kwa kuwa amesimama palipo na dirisha. Ukuta ulikuwa wa kweli, jamani!

Kisha hamieni Ufaransa, kwa Les Vacances de Monsieur Hulot (1953) ya Jacques Tati. Mazungumzo ni haba, ila ongezeni sauti: mlio wa mlango wa chumba cha kulia pekee unavunja mbavu.